Kalamu nyekundu: namna ya kusoma muswada wa uzazi kabla haujawa sheria

Neno lililonifanya nianze kusoma miswada lina herufi mbili. Ni "na".

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, miguu imevimba, nimeitumbukiza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, akaniletea bunda la karatasi: muswada wa afya ya uzazi uliokuwa unangoja kusomwa mara ya pili bungeni. Wiki nzima redio ilikuwa inawaka moto kwa kifungu kimoja tu, kile cha kutoa mimba. Huyu anapiga meza, yule anamwita mwenzake muuaji, wa tatu anajibu kwamba muuaji ni yeye. Nikasema na mimi nikisome hicho hicho, nikasirike au nifurahi, kisha nilale. Karatasi zikafunguka pengine kabisa, kwenye kifungu cha 19, ambacho sikuwa nimemsikia mtu yeyote akikitaja:

"Huduma za dharura za uzazi katika zahanati zitatolewa na daktari na mkunga aliyesajiliwa."

Nilikisoma mara tatu. "Na" ya kwanza haina neno, inamtaja mtendaji tu. Ya pili ndiyo iliyonitoa miguu kwenye maji. Mimi ni mkunga wa miaka 22, na zahanati niliyokuwa nafanya kazi haikuwahi kuwa na daktari hata siku moja. Mama akijifungua saa nane usiku, kondo la nyuma likagoma, damu ikaanza kutiririka, aliyepo ni mimi, mhudumu mmoja na taa. Kwa kifungu kile, mimi niliyefunzwa kutoa kondo kwa mkono, oksitosini, dawa ya kuzuia damu isitoke sana, ipo kwenye friji, nisingeruhusiwa kufanya kitu peke yangu. Ningemngoja daktari aliye mwendo wa saa mbili kwa gari, tena gari likiwepo. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana saa mbili za kumpa mtu.

Tangu siku hiyo nimesoma miswada tisa, mingi nikiwa na wanawake wenzangu mezani kwa yule mwalimu. Mimi si wakili, na wakili akisoma hapa ataona mahali pa kunirekebisha. Lakini nimejifunza kwamba watu wanapigana juu ya kichwa cha muswada, na mwanamke anaumizwa au anaokolewa na mkia wake. Namna ya kuusoma huo mkia ndiyo ninayotaka kukupa.

Pata karatasi yenyewe

Usisome habari kuhusu muswada. Usisikilize sauti iliyosambazwa kwenye simu. Tafuta muswada wenyewe: kwenye Gazeti la Serikali, kwenye tovuti ya bunge, kwa ofisi ya katibu wa bunge, au mwombe mbunge wako nakala kwa barua. Mbunge asiyejibu barua ya kuomba nakala amekwisha kukujibu jambo jingine, liandike.

Angalia tarehe. Sisi tulipoteza Jumamosi mbili tukisoma toleo ambalo kamati ilikuwa imeshalikatakata. Siku hizi kabla ya kukaa kitako nauliza maswali mawili: huu umesomwa mara ya ngapi, na je, kuna jedwali la marekebisho? Jedwali hilo mara nyingi ni kurasa mbili tatu zilizochapwa usiku, na ndani yake ndimo mambo yanamobadilika.

Ukiweza, uchapishe kwenye karatasi. Kwenye simu kidole kinateleza, na kinateleza zaidi penye maandishi ya kuchosha, ambapo ndipo pa kusimama.

Anza nyuma, kisha rudi kwenye ufafanuzi

Miswada mingi ina maelezo ya madhumuni na sababu, aghalabu mwishoni. Soma hayo kwanza ujue serikali au mbunge anadai anataka nini. Kisha nenda kwenye kifungu cha ufafanuzi wa maneno na ukae hapo kuliko unavyotaka kukaa.

Neno "dharura" limefafanuliwa vipi? Mimba kuharibika katikati imo? "Mtoa huduma" ni nani: daktari peke yake, au na mkunga, muuguzi, tabibu? "Mimba" inaanzia wapi? Swali hili la mwisho watu hulidharau. Mimba ikifafanuliwa kuanzia yai linaporutubishwa, badala ya linapojishika kwenye mji wa mimba, kesho mtu anaweza kusimama mahakamani akasema kitanzi kinatoa mimba. Si hadithi ya kutunga. Sheria ya bima ya afya ya Marekani ya mwaka 2010 iliwekewa sharti kwamba bima za waajiri zilipie uzazi wa mpango bila mwanamke kutoa chochote mfukoni. Wenye kampuni za kifamilia wakaenda mahakamani wakisema aina fulani za vitanzi na vidonge vya dharura vinagusa imani yao, kwa sababu wao wanaamini uhai umeshaanza kabla yai halijajishika. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliwapa ushindi, kwa kura tano dhidi ya nne. Kitanzi ninachokiweka kwa dakika chache kilifika hadi huko.

Tega sikio kwa maneno madogo

Hapa ndipo kalamu nyekundu inapoingia. Sisi tunazungushia duara kila "na", kila "au", kila "isipokuwa", na kila "inaweza".

Tuanze na "au". Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 26(4), inasema kutoa mimba hakuruhusiwi, isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Soma taratibu: uhai au afya. Sasa weka pembeni Ireland. Mwaka 1983 wananchi wa huko walipiga kura kuingiza katika katiba haki ya uhai ya mtoto aliye tumboni, sawa na ya mama. Uhai ulitajwa, afya haikutajwa. Oktoba 2012 mwanamke aliyeitwa Savita Halappanavar alilazwa hospitalini Galway mimba ikimharibika ikiwa na wiki 17. Aliomba itolewe, akaambiwa haiwezekani maadamu moyo wa mtoto unapiga. Akaingiwa na maambukizi kwenye damu, akafa. Mkunga yeyote anaijua ile saa ambayo mgonjwa bado yuko hai lakini afya imeshaanza kumtoka. Sheria iliyotaja uhai tu inamtaka daktari asimame kando ya kitanda ahesabu saa hiyo.

Tuje kwenye "na". Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, mkataba wa Afrika kuhusu haki za wanawake, katika ibara ya 14 inataka nchi ziruhusu utoaji mimba kwa njia ya kitabibu katika ubakaji, kujamiiana kwa maharimu, na pale mimba inapohatarisha afya ya akili na ya mwili ya mama, au uhai wake, au wa mtoto aliye tumboni. Akili na mwili. Mtu mwenye nia njema atasoma: yote mawili yanahesabika. Mwenye nia nyingine atasoma: lazima yaumie yote mawili kwa pamoja. Mwanamke mmoja kati yetu, mshonaji, ndiye aliyelishika hilo kwa mara ya kwanza. Alisema hivi hivi wateja wake wanavyomwambia "nataka mikono mirefu na kola", kisha wakija kuchukua nguo wanagombana.

Neno la tatu ni "inaweza". "Serikali itatenga fedha" ni deni. "Serikali inaweza kutenga fedha" ni salamu. Na ukikuta "kwa kadiri rasilimali zitakavyoruhusu", piga mstari mara mbili, maana rasilimali zina desturi ya kutoruhusu zahanati za mbali.

Nani anasaini?

Baada ya maneno madogo, kila huduma iliyotajwa iulize maswali yake. La kwanza: kabla mwanamke hajahudumiwa, sahihi za nani zinahitajika?

Zambia ina sheria tangu mwaka 1972 ambayo ukiisoma juu juu utaiona ya huria, kwa kuwa inakubali hata hali ya maisha ya mwanamke na umri wake vizingatiwe. Teremka chini: isipokuwa katika dharura, wanatakiwa madaktari watatu waliosajiliwa wakubaliane, na mmoja awe bingwa. Watatu! Mimi nimepita mwaka mzima sijaona madaktari watatu ndani ya chumba kimoja, na siku niliyowaona walikuwa kwenye semina. Linganisha na Afrika Kusini, ambako sheria ya mwaka 1996 ilimruhusu mkunga aliyepata mafunzo kutoa huduma hiyo ndani ya wiki 12 za kwanza, na mwanamke hahitaji kueleza sababu. Au Ethiopia, ambako sheria ya jinai iliyoanza kutumika mwaka 2005 inasema aliyebakwa hahitaji kuthibitisha. Maneno yake yanatosha. Usipokubaliana na sheria hizi, bado zisome, kwa sababu zinakuonyesha kwamba sahihi ni mlango, na anayeandika muswada ndiye anayeamua mlango uwe na kufuli ngapi.

Uliza pia upande wa pili: nani anaruhusiwa kukataa? Italia ilihalalisha utoaji mimba mwaka 1978, na sheria hiyo hiyo ikampa daktari haki ya kukataa kwa dhamiri yake. Zaidi ya nusu ya madaktari wa magonjwa ya wanawake huko wamejiandikisha kukataa. Mimi nina wenzangu wenye dhamiri ya aina hiyo na ninawaheshimu. Lakini muswada ukimpa mtu haki ya kukataa bila kusema ni nani atakayempokea mgonjwa, umeacha mwanamke koridoni. Tafuta sentensi inayosema "atampa rufaa mara moja". Isipokuwepo, hiyo ndiyo sentensi ya kupendekeza.

Nani analipa?

Hapa kaa. Ningekuwa na jioni moja tu ya kukufundisha, ningekufundisha hapa peke yake.

Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Roe v. Wade, ilisema katiba inalinda haki ya mwanamke kutoa mimba. Watu walishangilia, watu walilia. Miaka mitatu baadaye mbunge mmoja wa Illinois, Henry Hyde, wala hakuigusa haki hiyo. Aliongeza maneno kwenye bajeti: fedha za serikali kuu zisilipie utoaji mimba, isipokuwa katika hali chache. Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini, ikafunga mkono. Maneno hayo yamekuwa yakirudishwa kwenye bajeti mwaka hadi mwaka, chini ya marais wa vyama vyote viwili. Kwa hiyo Mahakama Kuu ilipoifuta Roe tarehe 24 Juni 2022, na dunia nzima ikashtuka, kulikuwa na wanawake maskini katika majimbo mengi ambao kwao mlango ulikuwa umefungwa tangu zamani, kimya kimya, na kwa kifungu cha fedha.

Fedha zikitoka nje ya nchi, angalia zinatoka mkono wa nani. Mwaka 1984 serikali ya Ronald Reagan ilitangaza kwamba mashirika ya nchi nyingine yanayopokea fedha za Marekani za uzazi wa mpango yasitoe huduma wala ushauri wa kutoa mimba, hata kwa pesa yao wenyewe. Tangu hapo, rais wa chama kimoja akiingia anaifuta amri hiyo, wa chama kingine akiingia anairudisha. Mara ya mwisho ilirudishwa Januari 2025. Kliniki ikikataa masharti inakosa fedha, na ikikosa fedha haipotezi huduma moja tu. Inapoteza sindano, vipandikizi, kondomu, na yule muuguzi aliyekuwa anapima saratani ya shingo ya kizazi siku za Alhamisi. Muswada unaosema huduma "zitaendeshwa kwa ushirikiano na wahisani" umening'iniza wanawake wako kwenye uchaguzi ambao hawapigi kura.

Kisha kuna neno tamu kuliko yote, "bure". Sierra Leone ilifuta ada kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka mitano mwezi Aprili 2010. Kenya ilitangaza kujifungua bure katika vituo vya umma Juni 2013. Ni hatua kubwa, sizibezi. Mwanamke anayejua hatadaiwa mlangoni anakuja mapema, na anayekuja mapema ninaweza kumsaidia. Ila nimefanya kazi chini ya "bure", na nitakuonyesha sura yake. Mama anafika na mkoba. Ndani ya mkoba kuna khanga mbili, na kikaratasi alichopewa kliniki: glavu jozi nne, pamba, wembe, kibanio cha kitovu, dawa ya kusafishia. Ada imefutwa. Kikaratasi kipo. Siku moja msichana wa miaka 19 aliniletea glavu mbili za kufulia nguo, za rangi ya manjano, kwa sababu ndizo alizozimudu na hakuna aliyemweleza tofauti. Alizikunja vizuri kabisa.

Kwa hiyo ukikuta "bure" zungushia duara uulize: bure nini? Kumwona mkunga? Dawa? Damu? Upasuaji? Gari la kumpeleka hospitali kubwa? Mtoto akizaliwa kabla ya wakati, siku zake hospitalini ni za nani? Na mama akishindwa kulipa lile lisilo bure, muswada unakataza kumzuia asitoke? Hili la kuzuia linaonekana la kale, lakini Mahakama Kuu ya Kenya ilibidi iamue mwaka 2015 kwamba kuwashikilia wanawake hospitalini kwa sababu ya deni la kujifungua ni kuvunja haki zao za kikatiba.

Nani anaadhibiwa?

Hili nitalipita haraka. Tafuta neno "kosa", na angalia linamwangukia nani: mwanamke, mtoa huduma, mwenye gari aliyempeleka, au wote. Angalia pia nani anaruhusiwa kushtaki. Sheria ya jimbo la Texas, Marekani, ya kuzuia utoaji mimba, iliyoanza Septemba 2021, haikuwapa polisi kazi hiyo; ilimruhusu raia yeyote kumshtaki aliyesaidia, na akishinda alipwe si chini ya dola 10,000. Adhabu ya namna hiyo haihitaji kutumika mara nyingi. Inatosha kila mtu aanze kumwangalia jirani yake.

Kaeni watu msiokubaliana

Mezani kwa mwalimu tulikuwa 11. Kuhusu kutoa mimba hatukukubaliana hata Jumamosi moja. Kuna aliyekuwa anakuja na tasbihi, kuna aliyekuwa na sababu zake ambazo aliwahi kunieleza mimi peke yangu. Mwanzoni niliogopa. Baadaye nikaona hiyo ndiyo nguvu yetu, kwa sababu tulipokubaliana juu ya kifungu fulani, hakuna mbunge aliyeweza kutuambia tumetumwa na upande fulani.

Tuliweka utaratibu mmoja tu: kabla hujasema unaunga mkono au unapinga, taja namba ya kifungu na usome kwa sauti. Utashangaa ugomvi mwingi unavyokufa hapo. Na mwingine unavyozaliwa, lakini huo angalau ni wa kweli.

Andika ukurasa mmoja

Kamati ikitangaza kupokea maoni, muda huwa mfupi. Usiandike historia ya dunia. Kamati inapokea marundo, na msaidizi anayeyasoma ana njaa. Andika kifungu, badiliko, sababu. Yetu ilikuwa hivi:

"Kifungu cha 19. Tunapendekeza neno 'na' linalotangulia neno 'mkunga' lifutwe na badala yake liwekwe neno 'au'. Sababu: zahanati nyingi hazina daktari. Mkunga aliyesajiliwa amefunzwa kutoa oksitosini, kutoa kondo la nyuma kwa mkono, na kusafisha kizazi baada ya mimba kuharibika. Kifungu kikibaki kilivyo, huduma hizi zitakoma jioni daktari anapokuwa mbali."

Ndiyo yote. Tuliongeza takwimu moja, kwamba kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani wanawake wapatao 260,000 walikufa duniani mwaka 2023 kutokana na ujauzito na kujifungua, kisha tukaifuta. Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa inamfanya msomaji atazame mbali wakati sisi tulitaka atazame neno moja.

Kuhusu ushuhuda wa wanawake, nina ukali kidogo. Hadithi ya mgonjwa si mali yako kwa sababu ulikuwepo. Mimi humwuliza mara mbili, siku mbili tofauti, kwa sababu siku ya kwanza watu hukubali kwa adabu. Ninamsomea kilichoandikwa. Natoa jina, umri, idadi ya watoto na chochote ambacho mama mkwe wake angekitambua. Akisema hapana, sitafuti njia ya kuzunguka. Yule msichana wa glavu za manjano ni mwanamke mzima sasa, na aliyesema "andika glavu, usiandike mimi" ni yeye.

Siku ya kamati

Utapewa dakika tatu, ambazo kwa kweli ni mbili. Nenda na nakala za kuwagawia. Vaa viatu unavyoweza kusimamia, maana utangoja. Mjumbe akitaka kukuvuta kwenye ugomvi wa redioni, rudi kwenye namba ya kifungu. Unaweza kusema kwa upole kabisa: "Mheshimiwa, hilo lina kifungu chake, mimi nimeitwa kwa cha 19."

Mwenyekiti aliniuliza, "Mama, umetoka huko kote kwa ajili ya neno moja?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Moja."

Wakacheka. Mmoja hakucheka, na alikuwa ndiye aliyekuwa akipiga meza redioni wiki zote zile. Akauliza kondo la nyuma linaweza kungoja muda gani. Nikamwambia likipita nusu saa tunahesabu limegoma, na damu ikiwa nyingi hatungoji hata hiyo. Akaandika kitu kwenye nakala yake. Mimi na yeye hatukubaliani karibu kwa kila jambo, na nilimsikia tena redioni jioni ile ile akisema maneno yaliyonifanya nizime. Lakini jedwali la marekebisho lilipotoka, "au" ilikuwemo, na jina lililokuwa juu ya hoja hiyo lilikuwa lake.

Muswada ukianguka, au ukipita

Ukianguka, tunza karatasi zako. Argentina Agosti 2018 seneti ilikataa muswada wa kuruhusu utoaji mimba kwa kura 38 dhidi ya 31. Desemba 2020 ukarudi, ukapita kwa kura 38 dhidi ya 29. Na ukipita ukaupenda, usilale: Gambia ilipiga marufuku ukeketaji mwaka 2015, na mwaka 2024 bungeni kukaletwa muswada wa kuifuta marufuku hiyo. Uliangushwa Julai, lakini ilibidi wanawake warudi kuusoma upya kana kwamba hawakuwahi kushinda.

Kisha kuna kanuni. Sheria husema "Waziri anaweza kutengeneza kanuni kwa ajili ya utekelezaji bora", na watu wote wanakwenda nyumbani. Kenya, baada ya katiba ile yenye "au" nzuri, wizara ilitoa mwongozo kwa watoa huduma mwaka 2012, halafu ikauondoa Desemba 2013. Katiba haikubadilishwa hata nukta, lakini muuguzi hakujua tena afanye nini bila kukamatwa. Ilichukua mpaka Juni 2019 kwa Mahakama Kuu kusema kuuondoa kulikuwa kinyume cha sheria. Kwa hiyo siku sheria inapotangazwa, andika kwenye kalenda: uliza kanuni kila mwezi. Piga simu. Utazoeleka, na kuzoeleka si aibu.

Kanuni za sheria yetu zilitoka baada ya miezi 14. Kurasa 32, maandishi madogo. Mwalimu alikuwa ameshaanza kuugua macho, nikamsomea kwa sauti, yeye ameshika kalamu nyekundu kwa mazoea tu. Tulipofika ukurasa wa sita aliinua mkono.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia. "Daktari na mkunga."